Marudio bado yana dhahabu: Shinyanga na Geita zijifunze kwa kiraka Nyoni

Mgeni akifika kwa mara ya kwanza kwenye mialo ya Nyarugusu au Mwakitolyo, huona lundo la mchanga wa kijivu nyuma ya karasha na kudhani ni uchafu tu. Mwenyeji atamwambia hayo ni marudio. Mawe yameshasagwa, mchanga umeshaoshwa, dhahabu ya kwanza imeshauzwa, lakini mwenye mwalo hatupi kitu. Kuna mtu atakuja kuyanunua marudio hayo, atayachenjua upya na ataondoka na dhahabu ambayo wa kwanza hakuipata.

Watu wa Geita na Shinyanga wanalijua hili vizuri sana. Kinachoshangaza ni kwamba wakifika uwanjani wanalisahau. Mchezaji akigusa miaka 30 anaitwa mzee. Asiyefunga mabao anaitwa wa kawaida. Anayeweza kucheza namba tatu tofauti anaitwa spea tairi. Kila dirisha la usajili likifunguliwa, viongozi wanakimbizana na jina la straika, kama mchimbaji anayesikia kuna duara limetema upande wa pili wa kilima na kuacha shimo lake katikati.

Matokeo yake yanaonekana kwenye msimamo. Stand United, Chama la Wana, ilishuka Ligi Kuu mwaka 2019. Mwadui ikafuata mwaka 2021. Geita Gold ikashuka mwaka 2024. Ndani ya miaka mitano, timu tatu za ukanda mmoja wenye dhahabu na almasi ziliporomoka, na mashabiki wa Kambarage na Nyankumbu wakarudi kusikiliza Ligi Kuu redioni.

Ndiyo maana habari za Erasto Nyoni zinafaa kusomwa tena katika ukanda huu. Jina lake halikujengwa Shinyanga wala Geita, lakini somo lake linazihusu timu za huko moja kwa moja.

Bao la Ouagadougou

Nyoni alizaliwa Mei 7, 1988. Watanzania wengi walimjua Juni 2007, akiwa na miaka 19 tu, Taifa Stars ya Mbrazili Marcio Maximo ilipokwenda Ouagadougou kucheza na Burkina Faso kuwania tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Stars ilishinda 1-0 ugenini na mfungaji alikuwa Nyoni. Kwa kizazi kilichozoea kusikia Stars imepigwa nje, lile lilikuwa bao la kukesha nalo.

Kijana mwingine angeanza kuidai jezi namba 10 siku iliyofuata. Nyoni hakwenda njia hiyo. Alirudi kwenye kazi ya ulinzi, akapitia Vital'O ya Bujumbura, kisha akatua Azam, klabu iliyokuwa inajengwa kwa subira pale Chamazi. Hapo ndipo jina la kiraka lilipomganda.

Kiraka mtaani si neno la sifa. Ni kipande cha kitambaa kinachoshonwa pale nguo ilipochanika, na mtoto anayevaa suruali yenye kiraka hutaniwa shuleni. Kwenye mpira wa Bongo neno hilo limegeuka kuwa cheo. Kocha akikosa beki wa kulia, Nyoni yupo. Beki wa kushoto ana kadi tatu za njano, Nyoni yupo. Beki wa kati ameumia mazoezini Ijumaa na mechi ni Jumamosi, Nyoni yupo. Kiungo mkabaji amepotea mchezoni, kocha anamnong'oneza Nyoni asogee mbele hatua 10 na kazi inaendelea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiraka ndiye huyo anayeziba ufa kabla wa jukwaani hawajauona.

Katika kazi hiyo akavuna. Msimu wa 2013/14 Azam ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara kwa mara ya kwanza katika historia yake, na ilifanya hivyo bila kupoteza mechi hata moja. Mwaka 2015 ikabeba Kombe la Kagame bila nyavu zake kuguswa katika mashindano yote, ikiichapa Gor Mahia ya Kenya 2-0 kwenye fainali. Mwaka 2017 akahamia Simba akiwa na miaka 29, umri ambao kibongobongo watu wanaanza kuulizana jamaa anastaafu lini. Akiwa Msimbazi akachukua ubingwa wa ligi mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na klabu ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara tatu.

Kwa upande wa Stars, hesabu yake ni ndefu zaidi. Machi 24, 2019, Tanzania ilihitaji ushindi dhidi ya Uganda Uwanja wa Taifa ili ifufue ndoto ya kwenda Afcon. Simon Msuva alifungua, Aggrey Morris akafunga la tatu, na katikati yao kulikuwa na penalti mapema kipindi cha pili. Aliyeubeba mpira kwenda kuuweka pale kwenye nukta ni Nyoni. Akafunga, mechi ikaisha 3-0, na Tanzania ikaenda Afcon ya Misri baada ya kuzikosa fainali hizo tangu mwaka 1980.

Kutoka bao la Ouagadougou hadi penalti ile ni karibu miaka 12. Katika kipindi hicho Stars ilipita mikononi mwa Maximo, Jan Poulsen, Kim Poulsen, Mart Nooij, Charles Boniface Mkwasa, Salum Mayanga na Emmanuel Amunike. Kila kocha alikuja na wake na kuondoka na wake. Nyoni akabaki. Mwaka 2023, akiwa na miaka 35, aliagana na Simba na kwenda Namungo ya Ruangwa kuendelea na kazi.

Siri iko kichwani

Wapo wanaodhani kiraka ni mchezaji asiye na namba, kwamba anasukumwa huku na kule kwa sababu hajui kitu kimoja vizuri. Aliyecheza mpira anajua si hivyo.

Beki wa pembeni ana mstari wa uwanja kama rafiki yake. Upande mmoja hakuna adui, kwa hiyo macho yake yanafanya kazi nusu. Akihamia katikati ya ulinzi, mchezo wote uko mbele yake, lakini kosa lake moja linamkuta kipa uso kwa uso na straika. Akisogezwa kuwa kiungo mkabaji, mpira unamfikia akiwa amewapa mgongo wapinzani, na lazima ajue nani yuko nyuma yake kabla hajaupokea. Hizi ni kazi tatu tofauti. Mwenye mapafu tu hataziweza. Zinahitaji mtu anayesikiliza ubao wa kocha, anayekumbuka, na anayekubali kubadilishiwa kazi dakika ya 60 bila kununa.

Hapo ndipo urefu wa maisha ya soka unapopatikana. Beki wa pembeni anaishi kwa mbio, na mbio ndizo za kwanza kuondoka mtu anapozeeka. Asiyejua kitu kingine, mbio zikiisha naye ameisha. Anayejua kusogea ndani, kwenye ulinzi wa kati ambako kusoma mchezo kunalipa kuliko mbio, anajiongezea misimu mingine mitano.

Dunia nzima iko hivyo. James Milner alianza kucheza Ligi Kuu ya England mwaka 2002 akiwa na Leeds, akiwa kijana wa miaka 16 wa pembeni. Akaja kuwa kiungo, akacheza msimu mzima Liverpool kama beki wa kushoto, na alipofika miaka 35 bado klabu zilikuwa zinamhitaji. Hata Marekani, kwenye ule mpira wao wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, kuna hadithi ya George Blanda. Alikuwa mrushaji mkuu wa timu na papo hapo mpigaji wa mateke ya pointi. Mkono ulipochoka, mguu ulimweka kazini. Alicheza misimu 26 na kuachia ngazi baada ya msimu wa 1975 akiwa na miaka 48. Angekuwa mtu wa kazi moja, Marekani ingekuwa imemsahau zamani.

Thamani huonekana akikosekana

Tatizo la kiraka ni kwamba akiwepo haonekani. Mabao yana takwimu, pasi za mwisho zina takwimu, kipa ana mechi ambazo hakufungwa. Aliyeziba nafasi tatu kwa wiki tatu hapewi hata kibao cha mbao.

Mwanachama wa Simba anayekumbuka Januari na Februari 2019 anaelewa. Nyoni alikuwa majeruhi, ameumia kwenye Kombe la Mapinduzi. Simba ikaenda Kinshasa, ikapigwa 5-0 na AS Vita. Ikaenda Misri, ikapigwa 5-0 na Al Ahly. Si haki kusema mtu mmoja angezuia mabao 10, na baadaye Simba ilishinda mechi zake za nyumbani na kufuzu robo fainali. Lakini wiki zile, kwenye vijiwe vya kahawa, jina lililotajwa kwa huzuni halikuwa la straika yeyote. Lilikuwa la kiraka.

Mambo haya yana upande wa pili na haufai kufichwa. Kijana wa miaka 17 akizungushwa namba kila wiki kabla hajaimudu moja, anaweza kufika miaka 22 akiwa si beki wala kiungo. Wapo waliopotea hivyo, wakiitwa viraka na makocha waliokuwa wanatafuta mtu wa kujaza benchi. Nyoni hakuwa hivyo. Alikuwa na nyumbani kwake, nalo ni kulinda. Kutoka nyumbani ndipo alipojifunza njia za kwenda kwa majirani. Anayetaka kumlea kiraka aanze na namba moja, ikikaa sawasawa aongeze ya pili.

Duara moja halitoshi

Sasa turudi Kambarage na Nyankumbu. Stand United ilianza na watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, wapiga debe na wenzao, na ikafika Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Hakuna hadithi tamu zaidi katika mpira wa mikoani. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ikapanda msimu uliofuata chini ya Jamhuri Kihwelo 'Julio', ambaye alijaza kikosi kwa wazoefu: Athuman Idd 'Chuji', Jerson Tegete, na Nizar Khalfan aliyewahi kucheza ligi ya Marekani akiwa na Vancouver Whitecaps. Watu walicheka, wakisema Julio amefungua nyumba ya wazee. Timu ile ikabaki Ligi Kuu kwa misimu sita.

Geita Gold nayo ilipopanda mwaka 2021 ilimchukua Kelvin Yondani, mzaliwa wa Kanda ya Ziwa aliyekuwa ameshamaliza safari ya Simba na miaka minane ya Yanga, na kupita Polisi Tanzania. Alikuwa na umri ambao wengine wanaona ni wa kukaa jukwaani. Msimu huo wa kwanza, chini ya Fred Felix Minziro, Geita ilimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Sifa nyingi zilikwenda kwa George Mpole, na alizistahili, kwa maana alifunga mabao 17 na kumzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja katika mbio za kiatu. Lakini Mpole alikuwa na uhuru wa kufunga kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mtu aliyeshaziona mechi zote ngumu za nchi hii.

Mpole akaondoka kwenda Lubumbashi. Miaka miwili baada ya nafasi ile ya nne, Geita ikashuka.

Swali ambalo viongozi wa Geita, Shinyanga na Kahama wanapaswa kujiuliza ni moja. Siku Yondani anaondoka, ni vijana wangapi wa Katoro na Kalangalala walikuwa wamekaa pembeni yake mazoezini wakajifunza kusimama, kuongea na kupanga ukuta? Siku Nizar anaondoka Mwadui, ni mtoto gani wa Maganzo aliyebaki na kitu chake? Kama jibu ni hakuna, basi klabu ilinunua dhahabu ya kwanza ikauza, na marudio ikayamwaga mtoni.

Hesabu ya mfukoni nayo inasema hivyohivyo. Timu ya Championship haina mkwanja wa kusajili watu wawili wazuri kwa kila namba. Inasafiri kwa basi siku nzima, inafika imechoka, na kadi tatu za njano zinamtoa mtu mechi moja. Timu yenye wachezaji watatu wanaojua namba mbilimbili ni sawa na iliyosajili sita. Kwa timu ya Dar es Salaam yenye matajiri, kiraka ni anasa. Kwa timu ya Shinyanga, ni chakula.

La kufanya

Kwanza, mkataba wa mkongwe usiishie kwenye dakika 90. Uandikwe wazi kwamba mara mbili kwa wiki atafanya mazoezi na timu ya vijana, alipwe kwa kazi hiyo, na klabu imsaidie kupata kozi ya ukocha kabla miguu haijakataa. Hapo klabu itampata mwalimu ambaye vijana wanamheshimu tayari, na mkongwe atakuwa na pa kwenda soka likimwacha. Wapo wengi sana mtaani waliokuwa majina makubwa na leo hawana kazi wala mafao. Bima na akiba ya uzeeni viwe sehemu ya mazungumzo ya usajili, si jambo la kukumbukwa kwenye harambee ya msiba.

Pili, timu za vijana ziache kupimwa kwa mabao na vikombe vya bonanza. Ukanda huu una vijana wenye mapafu na miguu ya chuma, waliokulia kubeba viroba vya mawe na kuendesha baiskeli umbali mrefu. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba beki anayejua kucheza kiungo ana ajira ndefu kuliko straika anayesubiri pasi. Kocha wa shule na wa mtaa alifundishe hilo mapema.

Tatu, kampuni za madini na halmashauri zinazotoa fedha kwa timu ziulize swali tofauti. Badala ya kuuliza msimu huu mnamsajili nani, waulize mnamlea nani. Fedha ya mgodi ina mwisho, kwa sababu mwamba una mwisho. Mtoto aliyefundishwa vizuri anacheza hadi miaka 35, na akitoka uwanjani anawafundisha wengine.

Nne, na hili ni la mashabiki, mpeni kiraka haki yake. Yule jamaa anayeanza mechi kulia na kumaliza katikati, ambaye jina lake halipigiwi vuvuzela, ndiye anayewarudisha nyumbani na pointi moja kutoka ugenini. Akikosea mara moja msimtukane kama vile hakuwahi kuwaokoa mara 10. Nyoni naye alizomewa siku zake mbaya. Angekata tamaa, Stars isingekuwa na mtu wa kuubeba mpira ule siku ya Uganda.

Mchimbaji wa Rwamgasa hahitaji kuelezwa mara mbili. Anajua aliyekimbilia duara linalotema leo anaweza kulala njaa kesho, na anajua mwenye marudio yake nyuma ya nyumba hana presha. Stand, Mwadui na Geita Gold zinaweza kurudi Ligi Kuu kwa kelele za usajili, kama zilivyowahi kupanda. Kubaki huko ni kazi ya watu wa aina ya Nyoni, na watu hao hawapatikani siku ya mwisho ya dirisha. Wanalelewa, na wa kuwalea bado wapo uwanjani wakicheza.